Stroberi Iliyokataa Kuzaa

Katika masoko ya Nairobi, na kando ya barabara za Limuru, huuzwa tunda jekundu na laini, lenye mbegu ndogo ndogo juu ya ngozi yake, liitwalo stroberi. Wakulima wa nyanda za juu za Kenya walipandao wajua taabu yake. Mmea ni mfupi, hauinuki sana kutoka ardhini, na mvunaji hana budi kuinama tangu asubuhi hata jua la utosi. Lakini ni wachache wajuao ya kwamba tunda hilo, kwa jinsi lilivyo leo, halikuwako duniani miaka 350 iliyopita. Halikuwako Ulaya, wala Marekani, wala mahali pengine po pote. Lilipatikana kwa sababu mimea miwili ya porini, iliyotoka pande mbili za mbali, ilikutanishwa katika bustani za Ulaya. Na kabla ya kukutana, mmoja wao ulikaa miaka mingi pasipo kuzaa, na watu wenye elimu kubwa wasijue sababu.

Habari hii yamfaa kila mwenye shamba, hata asiyekusudia kupanda stroberi maisha yake yote. Kosa lililofanywa na msafiri mmoja wa Kifaransa katika mwaka wa 1714 halina tofauti kubwa na kosa lifanywalo hata leo na mkulima mwenye haraka katika shamba lake la mipapai.

UKOO WA WARIDI

Stroberi ni wa ukoo wa waridi. Mtu asadikiye kwa macho na alitazame ua lake: lina majani matano meupe yaliyozunguka duara, na katikati nyuzi nyingi za manjano, kama lilivyo ua la waridi la porini. Ukoo huo ni mkubwa sana. Ndani yake mna mtufaha, mpea na mplamu. Na katika misitu ya Kenya mna ule mti mrefu ambao Wakikuyu huuita muiri, ambao gome lake hutengenezwa dawa. Kati ya jamaa hao wote stroberi ni mnyonge kwa kimo. Hana mti wala miiba. Huishi kwa kutambaa.

Mmea huu hutoa marando membamba, mfano wa marando ya viazi vitamu, nayo hutambaa juu ya udongo. Na kila fundo liguswapo na udongo wenye unyevu hutia mizizi na kuwa mmea mpya. Mmea huo mpya haukutoka katika mbegu, kwa hiyo haukuchanganyika na mwingine. Ni mama yule yule aliyehamia mahali pengine. Mama akiwa na tunda tamu, nao utakuwa na tunda tamu. Mama akiwa na ugonjwa, nao utauchukua ugonjwa huo. Msomaji na alikumbuke jambo hili, maana ndilo kiini cha habari inayofuata.

Na tunda lenyewe lina ajabu yake. Ile nyama nyekundu iliwayo si tunda kwa maneno ya wataalamu wa mimea, bali ni kitako cha ua kilichovimba. Matunda ya kweli ni zile punje ndogo ndogo za juu, zidhaniwazo kuwa mbegu tupu. Kila punje iliyopata unga wa ua, ambao vitabu huuita chavua, huamrisha nyama iliyo chini yake ikue. Punje iliyokosa unga haiamrishi kitu, na mahali pake hubaki pamebonyea. Ndiyo sababu stroberi nyingine huwa na kibyongo: nyuki hawakulifikia ua lote.

STROBERI NDOGO YA MSITUNI

Watu wa Ulaya waliijua stroberi tangu zamani, lakini stroberi yao ilikuwa ile ya msituni, ambayo wataalamu huiita Fragaria vesca. Tunda lake ni tamu na lina harufu nzuri sana, lakini ni dogo, halizidi ncha ya kidole cha mwisho. Watoto na wanawake walikwenda kuliokota katika misitu, na matajiri walihamishia mimea hiyo katika bustani zao. Katika karne ya 14 Mfalme Charles V wa Ufaransa alipandiwa mingi katika bustani ya Louvre, mjini Paris. Hata hivyo, haidhuru mmea ulipandwa katika udongo wa mfalme au wa maskini, tunda lilibaki dogo vile vile.

Katika karne ya 17 ikaletwa Ulaya stroberi nyingine kutoka mashariki ya Marekani ya Kaskazini, iliyoitwa ya Virginia. Hiyo ilikuwa kubwa kidogo, nyekundu sana, na yenye kustahimili baridi. Wakulima wa bustani waliipenda, lakini hakuna aliyeona kwamba ilikuja kwa kazi kubwa zaidi ya ile ya kuliwa.

MPELELEZI WA MFALME

Katika mwaka wa 1712 Mfalme Louis XIV wa Ufaransa alimtuma mhandisi wa jeshi lake aende pwani za Chile na Peru, nchi zilizokuwa chini ya Wahispania, akachunguze ngome zao kwa siri. Jina la mtu huyo lilikuwa Amédée-François Frézier, naye alizaliwa katika mwaka wa 1682. Alisafiri kama mfanya biashara, akaingia bandari moja baada ya nyingine, akapima ngome na kuchora ramani. Jina lake lafanana sana na neno la Kifaransa la stroberi, ambalo ni "fraise", na kwa ajili hiyo wengi hudhani kisa chake kimetungwa. Lakini ni kisa cha kweli.

Karibu na mji wa Concepción, katika Chile, Bwana Frézier aliona stroberi ambayo hakupata kuiona kwao. Aliandika kwamba tunda lake lilikuwa kubwa kama jozi, na pengine kama yai la kuku, na rangi yake nyekundu iliyofifia. Wahispania waliliita "frutilla", maana yake tunda dogo, ingawa halikuwa dogo hata kidogo. Lililimwa mashambani kwa wingi na kuuzwa mjini.

Hapa ni haki kutaja jambo ambalo mara nyingi husahauliwa. Tunda lile halikukua kubwa kwa bahati. Mmea wake wa asili huota wenyewe katika mchanga wa pwani za bahari ya Pasifiki, toka Alaska mpaka Chile, na tunda la porini ni dogo. Wenyeji wa Chile, Wamapuche na jirani zao, ndio walioichagua mimea mizuri na kuipanda tena na tena, karne kwa karne, kabla Mhispania hajatia mguu katika nchi yao. Wamapuche hao hawakuwa na chuo wala kitabu cha kilimo. Walikuwa na macho yao, na subira, na desturi ya kutunza mbegu njema.

MIMEA MITANO NA MAJI MACHACHE

Bwana Frézier aling'oa mimea kadha akaitia katika udongo ili aipeleke kwao. Safari ya kurudi ilichukua karibu nusu ya mwaka. Maji ya kunywa katika jahazi yalikuwa ya kupimwa, na mmea nao wataka maji kama mtu. Mwisho wa safari, katika mwezi wa Agosti 1714, mimea iliyobaki hai ilikuwa mitano tu. Miwili kati ya hiyo alimpa msimamizi wa shehena, kwa kuwa ndiye aliyeruhusu maji yatumike. Mmoja ulipelekwa kwa Antoine de Jussieu, mwalimu mkuu wa elimu ya mimea katika Bustani ya Mfalme mjini Paris.

Basi mimea ikatunzwa kwa heshima. Ikatoa marando, marando yakatia mizizi, na kwa muda si mrefu stroberi ya Chile ikawa imeenea katika bustani za Ufaransa, na baadaye nje ya Ufaransa. Majani yalikuwa manene na maua makubwa. Lakini matunda hayakuonekana, au yalionekana machache tena yenye kilema. Wengine walilaumu udongo, na wengine baridi. Wako waliosema kwamba mmea ulikuwa hauna faida na kwamba sifa za Bwana Frézier zilikuwa za chumvi.

Kosa lilikuwa wapi? Kosa lilifanyika siku ile ile ya kung'oa. Stroberi ya Chile ina mimea dume na mimea jike mbali mbali. Dume hutoa maua yenye unga, lakini hazai. Jike huzaa, lakini sharti apate unga wa dume. Bwana Frézier alifanya kama ambavyo mtu ye yote mwenye akili angefanya: alichagua ile mimea iliyokuwa na matunda makubwa. Yaani alichukua majike matupu. Ile isiyozaa, ambayo ndiyo iliyowafanya wenziwe wazae, aliiacha Chile. Na kwa kuwa marando hayabadili kitu, kila mmea uliotokana na ile mitano ulikuwa jike vile vile. Ufaransa ilijaa wake wasio na waume.

Lililo la kushangaza zaidi ni kwamba elimu ya jambo hilo ilikuwako tayari. Katika mwaka wa 1694 Mjerumani Rudolf Jakob Camerarius alikuwa amekwisha onyesha kwa majaribio kwamba mimea ina jinsia. Tena katika mwaka wa 1717, katika Bustani hiyo hiyo ya Mfalme, Sébastien Vaillant alitoa hotuba mashuhuri juu ya dume na jike katika maua. Stroberi ya Chile haikuwa mbali na hapo alipohutubia. Elimu ilikuwa katika ukumbi na taabu ilikuwa katika tuta, wala hapana aliyeyaunganisha mambo hayo mawili.

WAKULIMA WA BRITTANY

Waliotangulia kupata mazao walikuwa wakulima. Katika nchi ya Brittany, magharibi ya Ufaransa, upande wa mji wa Brest, hewa ya bahari ni ya upole na stroberi ya Chile ilistawi sana. Wakulima wa huko waliona kwamba, ikipandwa peke yake haizai, lakini ikipandwa karibu na stroberi za aina nyingine, hasa ile ya Virginia, huzaa matunda makubwa. Hawakuhitaji kujua sababu ili kufuata walichokiona. Walichanganya matuta, na baadaye Plougastel, karibu na Brest, pakawa mahali maarufu kwa stroberi zake.

Sababu yenyewe ni hii. Stroberi ya Chile na ile ya Virginia ni ndugu wa karibu. Kila chembe ya mmea ina vijiuzi vya urithi viitwavyo kromosomu. Stroberi hizo mbili zina 56 kila mmoja, hali ile ndogo ya msituni Ulaya ina 14 tu. Kwa hiyo stroberi ya Virginia iliweza kuwa mume wa ile ya Chile, na mbegu zao zikaota na kuleta ukoo mpya. Katikati ya karne ya 18 ikaanza kuonekana katika bustani za Ulaya stroberi isiyo kama mama wala kama baba: kubwa kama ya Chile, nyekundu na yenye nguvu kama ya Virginia. Kwa harufu yake watu waliifananisha na nanasi, na jina lake la kitaalamu mpaka leo lina neno hilo: Fragaria ananassa. Hiyo ndiyo stroberi iuzwayo Limuru.

KIJANA ALIYEULIZA

Aliyeeleza mambo haya kwa maandishi alikuwa kijana, Antoine Nicolas Duchesne, aliyezaliwa katika mwaka wa 1747, na baba yake alikuwa mtumishi wa mfalme huko Versailles. Katika mwaka wa 1764, akiwa hajatimiza miaka 18, alichukua stroberi jike ya Chile, akaipatia unga wa stroberi dume ya aina nyingine ya Ulaya, nayo ikazaa vizuri. Bakuli la matunda hayo akamletea Mfalme Louis XV. Mfalme alifurahi, akampa ruhusa ya kukusanya stroberi za kila aina katika bustani ya Trianon ili azichunguze.

Miaka miwili baadaye, katika mwaka wa 1766, Duchesne alitoa kitabu juu ya stroberi. Ndani yake alieleza kwamba mimea isiyozaa katika aina hizi si mimea mibovu, bali ni madume. Na kwamba stroberi ya nanasi ni mtoto wa Chile na Virginia. Wataalamu wa baadaye, waliokuwa na vyombo ambavyo yeye hakuwa navyo, waliona kwamba alisema kweli. Bwana Frézier alikuwa hai bado. Alifariki katika mwaka wa 1773, akiwa amepata umri wa kuona mimea yake mitano imekuwa mashamba.

Hata hivyo, elimu iliyoandikwa haifiki shambani kwa miguu yake yenyewe. Katika miaka ya 1830 na 1840, huko Cincinnati katika Marekani, wakulima walikuwa wakishindana kwa maneno juu ya jambo hilo hilo. Tajiri mmoja mwenye mashamba, Nicholas Longworth, aliona kwamba mkulima jirani alipata mazao mengi kuliko wengine katika eneo dogo. Siri yake ilikuwa kwamba alijua kutofautisha dume na jike, akapanda majike mengi na madume machache kwa kipimo. Longworth aliitangaza siri hiyo, na bei ya stroberi mjini ikawa nafuu kwa watu wote.

DAWA ILIYOTOKA MLIMANI

Stroberi nyingi zipandwazo leo huwa na dume na jike katika ua moja, kwa hiyo mkulima wa Kenya hana haja ya kutafuta madume. Kazi yake ni kuwatunza nyuki, asinyunyizie dawa ya wadudu wakati wa maua, na kununua miche safi badala ya kuomba marando kwa jirani ambaye shamba lake lina ugonjwa.

Lakini mimea ya porini haijamaliza kazi yake. Stroberi za zamani zilingoja siku ziwe fupi ndipo zitie maua, na kwa hiyo katika nchi za mbali na ikweta zilizaa kwa majira tu. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa California walichukua stroberi ya porini kutoka milima ya Wasatch, katika Utah, kimelea kidogo ambacho mpita njia angekikanyaga bila kukitazama. Kimelea hicho hakikujali urefu wa siku. Walikichanganya na stroberi za shambani, na katika mwaka wa 1979 zikatolewa aina mpya zisizongoja siku fupi wala ndefu. Kama kimelea hicho kingekuwa kimelimwa na kuchomwa pamoja na magugu, sifa hiyo ingalitafutwa wapi?

Na huko Chile, katika milima ya Nahuelbuta, wako wakulima wachache ambao bado hupanda stroberi nyeupe ya wazee wao. Si mazao ya kuleta utajiri mkubwa, ila wao ndio watunzaji wa mama wa stroberi za dunia.

MPAPAI DUME

Sasa na turudi nyumbani. Watu wa Oman, tangu kale, hupanda juu ya mtende jike wakiwa na shada la ua la mtende dume, wakalitia katikati ya maua yake ili uzae. Hakuna kwao amwitaye mtende dume mvivu. Lakini mkulima wa mipapai, aonapo mti umetoa maua marefu yaning'iniayo kama shanga na hauna hata papai moja, mara nyingi hushika panga. Jirani yake naye hufanya vivyo hivyo. Mwaka ufuatao mapapai huwa machache na madogo, na wote wawili huulaumu udongo, kama walivyoulaumu Wafaransa.

Ziko aina za mpapai zenye pande zote mbili katika ua moja, na hizo hazina shida. Lakini kwa mipapai ya kawaida, njia iliyo salama ni hii: apande miche mitatu au minne katika kila shimo, asing'oe hata mmoja mpaka yote itakapotoa maua. Maua ya jike hukaa karibu na shina, mafupi na manene. Ya dume huning'inia kwa vikonyo virefu. Hapo abakize jike mmoja katika kila shimo, na katika shamba zima aache madume machache, hapa mmoja na pale mmoja, ili upepo na wadudu wapate cha kuchukua. Madume hayo na yafungwe kamba shinani, ili kibarua mgeni au mtoto aliyetumwa kufyeka asiyakate akidhani anasaidia.

Wazee husema kidole kimoja hakivunji chawa. Bwana Frézier alichukua kidole kimoja, akakaa miaka mingi akingoja.